Wufa ya Sebuleni na Macho ya Mama

Jumapili jioni, Kisumu.

Mama yuko kwetu tangu alipokuja kutoka Bondo kupimwa macho. Kinachomkera hapa si joto wala mbu, ni wufa, hii mashine ya muziki yenye spika na redio humo humo. Asubuhi anataka habari za Radio Taifa, halafu matangazo ya vifo kwa Kidholuo, basi. Lakini kila siku lazima aniite: "Mwanangu, njoo uniwashie hiki kitu chako."

Nimekitazama kitu chenyewe kwa makini, na Mama ana haki ya kulalamika. Vitufe ni vyeusi juu ya plastiki nyeusi inayong'aa, na maandishi yake ya kijivu ni madogo kama punje za wimbi. Vyote vina umbo moja na ukubwa mmoja, kwa hiyo pale jicho linaposhindwa, kidole nacho hakisaidii. Kufika kwenye redio hakuna njia ya mkato. Kitufe kimoja kinapitia Bluetooth, flashi, kadi, waya wa nyuma, ndipo redio. Ukibonyeza mara moja zaidi umeipita, anza upya. Na kila hatua kuna mwanamke humo ndani anayetangaza kwa Kiingereza, tena kwa sauti iliyozidi muziki. Mama aliuliza huyo ni nani na analipwa na nani.

Ila kinachoniudhi mimi hasa ni kile kidude cha kuzungusha cha sauti. Redio ya marehemu baba ilikuwa nacho pia, chenye alama nyeupe. Ndani yake mlikuwa na utepe wa kaboni na kijichuma kinachoteleza juu yake, kwa hiyo kilikuwa na mwanzo na mwisho. Ulikishika gizani ukajua sauti iko wapi. Stima ikipotea na kurudi, sauti ilikuwa pale pale ulipoiacha, maana hakuna aliyekisogeza. Hiki cha siku hizi kinazunguka bila kikomo. Kazi yake ni kuhesabu hatua na kuiambia chipu. Chipu ya wufa yangu haikumbuki lolote. Nasi huku Nyalenda stima hupotea inavyopenda. Ikirudi usiku wa manane, mashine inajiwasha yenyewe, yule mwanamke anatangaza, na sauti ni ile iliyopangwa kiwandani na mtu asiye na mtoto mchanga.

Halafu ile taa ya buluu. Zamani vifaa vilikuwa na kitaa chekundu au cha kijani, kwa sababu LED ya buluu yenye mwanga mkali ilishindikana hadi mapema miaka ya 1990. Waliofanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, na waliistahili, maana bila hiyo tusingekuwa na balbu hizi nyeupe zinazokula umeme kidogo. Aliyeiweka ikimetameta mbele ya wufa sebuleni hastahili hata kikombe cha chai. Nimeibandika selotepu nyeusi ya mafundi wa stima.

Sidhani ni uzembe. Vitu hivi vinaundwa vitazamwe dukani. Pale Oginga Odinga Street vimepangwa ukuta mzima, vyote vimewashwa, na mnunuzi anaangalia taa na namba. Sanduku la hii yangu linajisifu wati 12,000 za PMPO, kipimo cha nguvu ya sauti kisicho na kanuni yoyote waliyokubaliana watengenezaji. Mgongoni mashine yenyewe inakiri inakula wati 60. Hakuna anayeinama dukani kujaribu kutafuta stesheni. Ajabu ni kwamba nyuma, pasipoonekana, ndipo penye akili: tundu jekundu ni la kulia, jeupe la kushoto, na mashine nyingi ni hivyo hivyo.

Nilimpakia Mama rangi ya kucha kwenye vitufe viwili, nyekundu ya kuwasha, ya waridi ya kubadilisha. Ilisaidia kidogo, ila kuhesabu hatua kulimchosha.

Basi leo baada ya kanisa tumekwenda soko la Kibuye. Kwenye meza ya fundi mmoja palikuwa na redio kuukuu yenye vidude viwili tu, kimoja cha sauti, kingine cha stesheni. Mama akaishika, akafumba macho, akaipata stesheni yake. Fundi akataka 2,500. Mama akamwambia kwa bei hiyo ampe na ng'ombe. Tumetoka nayo kwa 1,800, betri juu yake.