Kumlaza mtu kwa nguvu, nani anasimamia?

Siku kaka yangu analazwa wodi ya wagonjwa wa akili bila ridhaa yake, mi ndo nilisaini ile fomu. Dakika tano tu. Wakamvua mkanda wakachomoa na kamba za viatu, akaniangalia akauliza "nimefanya kosa gani?" nikakosa jibu. Sisemi asingelazwa, alikuwa hajalala siku nne na usiku anataka kutoka aende barabarani, ila saini ya ndugu mmoja na daktari mmoja ambaye hata jina hakumuuliza, kweli? Mwizi wa kuku anafikishwa kwa hakimu, mgonjwa hapana.

Italia tangu 1978, ile Sheria namba 180, wanataka madaktari wawili, amri ya meya, halafu jaji anaipitia ndani ya saa 48, na ni siku 7 tu, wakitaka kuongeza lazima waeleze upya kwa nini. India nao sheria yao ya 2017 inakuruhusu uandike mapema, ukiwa mzima, unataka utibiweje na nani akusemee. Hiyo ndo naipenda zaidi. Kaka angeandika jina langu? Baada ya ile fomu, sidhani.