Aliyeuliza Bei Akaingia Mitini

Wauza majina ya domeni, yaani anwani za tovuti kama zile za .com, wote wanaijua barua hii. Haina salamu, haina jina la mwandishi, ni mstari mmoja tu: "Hili jina linauzwa? Bei gani?" Unajibu siku hiyohiyo kwa heshima zote, unataja bei, unaeleza malipo yanavyofanyika na jina linavyohamishwa. Kisha jii. Mtu aliyekuwa na haraka kiasi cha kusahau kusalimia anaingia mitini.

Leo nimelipitia daftari langu la mauzo, jina moja baada ya jingine, kuona nani wa kumkumbusha na nani wa kumwacha. Wingi wa walionyamaza haunisumbui. Ndiyo hali ya kazi yenyewe, na anayetaka kujibiwa kila barua akatafute biashara nyingine. Ninachokiona ni kwamba ukimya wao haufanani, na ile barua tunayoipenda sote, "nafuatilia tu ujumbe wangu wa awali", inawatendea wote kana kwamba wana tatizo moja. Haimwambii mtu kitu chochote ambacho hakukijua jana.

Mchukue aliyetumwa. Mara nyingi ni mtengeneza tovuti au msaidizi wa ofisi ambaye bosi kamwambia "hebu ulizia". Fedha si zake, uamuzi si wake, na pengine hata huo mradi hajaelezwa vizuri. Akishapata bei anaipeleka juu, na huko juu ina foleni yake: yuko mshirika aliyesafiri, yuko anayelipenda jina tofauti, yuko anayeona .com si lazima. Ukimwandikia "umefikiriaje?" unamuuliza asiyeweza kujibu. Huyu ninamwandikia kitu anachoweza kumsukumia bosi wake bila kubadilisha neno: jina, bei, kwamba fedha zitashikwa na mtu wa kati mpaka jina lifike mikononi mwao, kwamba uhamisho ndani ya msajili (kampuni inayosajili majina) yuleyule unaweza kuisha siku hiyohiyo na kwenda kwa msajili mwingine huchukua siku kadhaa. Mistari mitano. Bosi hasomi zaidi ya hapo.

Halafu yupo aliyeshtuka. Alidhani jina lisilo na tovuti ni jina lisilo na mwenyewe, na kwamba bei yake itakuwa jirani na ada ya kusajili jina jipya. Akaona tarakimu, akaufunga ukurasa. Hasemi "ni ghali" kwa sababu akisema hivyo ataulizwa ana kiasi gani, na kiasi chake anakionea haya. Nikimkumbusha namfungulia njia mbili: alipe kwa mafungu, au ataje bajeti yake hata kama ni ndogo, bila kuchekwa. Ila bei siipunguzi ndani ya barua ya kukumbusha. Kumpunguzia mtu aliyenyamaza ni kujadiliana na ukuta, na ukuta hauchoki. Wiki iliyopita ulitaja bei moja, leo unataja ya chini na hakuna aliyekuomba. Mwenye akili atakaa kimya wiki nyingine aone utashuka mpaka wapi.

Mwindaji ni mtu mwingine kabisa, na kusema kweli namheshimu. Tangu Mei 2018, GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilipoanza kutumika, majina na anwani za wamiliki wengi hayaonekani tena kwenye kumbukumbu za usajili. Lakini tarehe hazikufichwa. Tangu Januari 2025 mfumo wa zamani wa kuulizia kumbukumbu hizo, WHOIS, umeupisha ule mpya, RDAP, kwa majina kama ya .com, na humo yeyote anaweza kuona jina lilisajiliwa lini na muda wake unaisha lini. Mwindaji anauliza bei, anaiona kubwa, anakwenda kutazama tarehe, anakuta imebaki miezi michache. Ananyamaza. Hesabu yake anaijua: mmiliki asipohuisha, yaani asipolipia muda mwingine, msajili anaweza kulishikilia jina kwa hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 ambamo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, na baada ya hapo ni la atakayewahi. Kwa nini alipe bei yangu ikiwa anaweza kusubiri nisahau?

Huyu humwandikii kitu. Unahuisha. Jina nililoulizwa bei nalihuisha mapema, na likiwa zuri kweli nalilipia miaka kadhaa kwa mpigo, kwa kuwa .com inaruhusu hadi miaka 10. Sitangazi, simwambii mtu. Akirudi kuchungulia anakuta tarehe imesogea mbali, na anajua kwamba mwenye jina yuko macho. Kuna aliyeniandikia muda mfupi baada ya kuhuisha namna hiyo. Safari hii alikuja na salamu.

Upande wa pili wa jambo hili unauma: ada ya kuhuisha inatoka mfukoni mwangu, na ukimya wa mnunuzi mmoja si sababu ya kulipia jina bovu miaka mitano. Swali ninalojiuliza ni kama ningelihuisha hata asingeuliza. Kama jibu ni hapana, basi sina jina zuri, nina matumaini tu.

Barua ninayoituma kwa mtu aliyeuliza mwenyewe siku hizi ina sura hii:

"Habari za leo, ndugu. Uliniuliza kuhusu jina hili mwezi uliopita nikakutajia bei. Bei haijabadilika na jina bado lipo. Naomba kujua jambo moja: mradi wenu bado unaendelea, au mmeshachagua jina jingine? Neno moja linatosha, na mkiwa mmeshachagua sitakusumbua tena."

Kila sentensi humo nimeipigania. "Bei haijabadilika" inamnyima hofu kwamba nimepandisha na inamnyima tamaa kwamba nitashusha. Swali linahusu mradi wake, halihusu bei yangu, kwa sababu mtu aliyekwepa kuzungumza kuhusu fedha huwa hakwepi kuzungumza kuhusu kazi yake. Ahadi ya kutomsumbua ndiyo inayoleta majibu zaidi, na ni lazima niitimize. Wauzaji wengi wanaogopa kumrahisishia mtu kusema hapana. Mimi hapana naitafuta. Jina lililopewa hapana naweza kumpelekea mwingine kesho yake bila kujiuliza kama nakata mti uliokaribia kuzaa.

Naituma chini ya barua ileile ya mwanzo, ili aone swali lake mwenyewe hapo chini. Wengine huwa wameshasahau kwamba walianza wao, na wakiliona wanakuwa wapole. Viambatisho siweki. Wala sitegi vile vijipicha visivyoonekana vya kunijulisha kama barua imefunguliwa. Mbali na kwamba ni upelelezi, havina maana tena, kwa sababu tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha yenyewe hata kama mtu hajaisoma barua. Unaweza kukesha ukifurahia "ameifungua mara nne" kumbe ni mashine.

Kabla sijamhesabu mtu kuwa ameuchuna, najituma barua ya majaribio kwenye anwani nyingine. Google na Yahoo zilikaza masharti ya watumaji Februari 2024, na domeni isiyo na SPF au DKIM, mipangilio ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni hiyo, barua zake zina nafasi kubwa ya kuishia kwenye folda ya taka. Ni kichekesho cha kazi hii: mtu anauza majina ya domeni huku domeni anayoandikia haijapangwa sawasawa. Mnunuzi akiwa aliacha namba ya simu, ujumbe mfupi mmoja wa kusema "nilikujibu kwenye barua pepe, tafadhali tazama na kwenye taka" ni halali. Wa pili ni usumbufu.

Yote hayo ni kwa aliyeanza yeye. Kuuliza bei ni ruhusa; kanikaribisha mlangoni, naweza kugonga tena. Yule niliyemwandikia mimi kwa kuwa nilidhani jina langu lingemfaa hakunikaribisha, na ukimya wake nauhesabu kuwa jibu kamili. Namkumbusha mara moja, naishia hapo. Sheria nazo zina la kusema. Ya Marekani kuhusu barua pepe za biashara, iitwayo CAN-SPAM, ya 2003, haitofautishi kama unamwandikia mtu binafsi au kampuni: kichwa cha barua kisidanganye, anwani yako ya posta iwepo, na anayeomba kuondolewa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Ule ujanja wa kuandika "Re:" mbele ya kichwa cha barua ya kwanza kabisa, ili ionekane kama mlikuwa mnazungumza, unaangukia humo humo.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko kuripotiwa kama mtuma taka, na hii sioni ikizungumzwa vya kutosha. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya domeni, ina sera ya migogoro, UDRP, tangu 1999. Mwenye alama ya biashara anaweza kuliondoa jina mikononi mwako akithibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Moja ya dalili za nia mbaya zilizotajwa katika sera yenyewe ni kulisajili jina hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama, au mshindani wake, kwa zaidi ya gharama zako. Sasa fikiria muuzaji aliyemwandikia mwenye alama barua tano za kumkumbusha, kila moja na bei. Ukimya wa upande wa pili huenda si dharau. Huenda wakili anazipanga zile barua kwenye jalada, na kila unapobonyeza "tuma" unamwongezea ukurasa. Jina lenye harufu ya alama ya mtu silinunui kamwe, na ningekuwa nimelirithi nisingemwandikia mwenye alama hata neno moja.

Kuhusu kumtia mtu haraka. Kuna sentensi inayozunguka miongoni mwa wauzaji: "Kuna mnunuzi mwingine anayelitaka." Ikiwa ni kweli, iseme, tena mara moja. Ikiwa si kweli, wanunuzi wananusa. Wengi wao ni wafanyabiashara. Wao wenyewe huitumia sentensi hiyo kwa wateja wao. Tarehe ya mwisho wa bei ninayoitaja ni ile isiyotegemea kinywa changu: dalali ninayempa jina kuanzia mwezi fulani na kamisheni yake itakayoingia kwenye bei, au mnada ambako nimekwisha kulipeleka. Tarehe ikifika, bei inabadilika kweli, hata kama inanigharimu mteja.

Wanaopenda kungoja watakutajia tesla.com. Jina hilo lilisajiliwa 1992, kampuni ikaanzishwa 2003 na kwa miaka mingi ikatumia teslamotors.com, mpaka 2016 ilipolipata. Elon Musk alisema baadaye kwamba kulinunua kulichukua zaidi ya muongo mmoja na dola milioni 11. Hadithi tamu, na kila muuzaji anajiona ndani yake. Lakini pale mnunuzi alikuwa mmoja, anajulikana, na anakua kila mwaka akiwa na jina hilohilo mgongoni. Majina yetu mengi ni ya maneno mawili ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyapanga upya jioni moja akapata jingine la kumtosha. Kwa majina hayo, mwaka wa kungoja kwa kiburi ni mwaka wa ada tu.

Nirudi kwenye daftari. Jina linalonishughulisha wiki hii linahusu usafirishaji wa mizigo. Silitaji kwa kuwa mazungumzo bado. Mtu mmoja aliliulizia bei, nikamjibu, akaandika "Tunaangalia, asante," akapotea. Niliituma ile barua ya swali moja. Alijibu kwa maneno machache: "Mradi upo. Hela ya mkupuo ndiyo haipo."

Basi kumbe hakuwa mwindaji wala aliyetumwa. Nimemweleza kwamba mafungu yanawezekana: jina likae kwa mtu wa kati, hayuko mwenye uwezo wa kulihamisha si yeye si mimi, huku tovuti na barua pepe zake zikifanya kazi juu yake tangu fungu la kwanza. Akikamilisha linakuwa lake; akikwama katikati linarudi kwangu na alicholipa kinabaki kuwa kodi ya muda aliolitumia. Hilo la mwisho nimeliweka juu kabisa ya barua, nisije nikasikia "hukuniambia".

Hajajibu. Pembeni ya jina lake nimeandika tarehe ya kumkumbusha, na swali litakalokuwemo: mwaka mmoja au miwili?