Smugglers' Notch: Vermont Walikowapa Watoto Mlima Wao

Kutoka mji wa Burlington, jimbo la Vermont huko Marekani, hadi Smugglers' Notch, kiwanja cha ski (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni), ni kama kilomita 50, lakini majira ya baridi mwendo huo hauna haraka. Barabara namba 15 inapita Essex, Jericho na Underhill, mashamba ya ng'ombe wa maziwa yamelala chini ya theluji huku na huku, kisha inaingia Cambridge kwenye bonde la mto Lamoille. Jeffersonville unakata kulia, unashika barabara namba 108, na milima inakuja mbele yako yote kwa mpigo.

Pembeni yangu alikaa jirani yangu, Mkongo wa Uvira aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Nyuma walijazana watoto wetu, makoti manene hadi mikono haikunjiki.

"Dada, una uhakika hawa hawatavunjika miguu?" akaniuliza kwa mara nyingine.

Nilikuwa nimeichagua sehemu hii kwa sababu ya swali hilohilo. Viwanja vingi vya ski vimejengwa kwa ajili ya mabingwa, na mtoto anayejifunza hupewa kipande kidogo pembeni. Hapa kuna milima mitatu, na mmoja, Morse, ni wa wanaoanza. Sterling ni wa waliokwisha kuzoea. Madonna, wenye kimo cha mita 1,109, ni wa wenye roho ngumu. Huko kuna mteremko uitwao The Black Hole, uliowekewa alama ya almasi nyeusi tatu, wakati miteremko migumu ya kawaida hupewa moja. Yaani mtoto wa miaka sita hakatizwi njia na kijana anayeshuka kama risasi. Kwangu mimi hilo linazidi anasa yoyote.

Pale mapokezi tukaazima vifaa. Buti za ski ni ngumu, zina vifungo vya kubana mpaka juu ya kifundo cha mguu, na mtoto akizivaa mara ya kwanza hutembea kama roboti. Binti yangu alikuwa amevaa soksi mbili mbili. Mwalimu alipiga goti, akazivua, akamrudishia moja ndefu, akainyoosha hadi kwenye goti bila mkunjo hata mmoja, kisha akautoa upindo wa suruali nje ya buti. Akanieleza kwamba soksi mbili zinabana damu, na mguu uliobanwa hupoa upesi. Mzazi mwenzangu unayewaza kuja, lishike hilo.

Darasa lilianza kwenye tambarare, wakapandishwa kilima kwa mkanda unaotembea wenyewe. Somo la kwanza ni kusimama: unakutanisha ncha za mbele za ski na kutanua za nyuma, ili zikae umbo la kipande cha pitsa. Watoto wanaposahau, mwalimu anapaza sauti, "Pitsa! Pitsa!" na wanaitikia kwa miguu. Kabla ya chakula cha mchana wangu walikuwa wameshapanda lifti ya viti ya Mogul Mouse, panya aliye nembo ya watoto hapa. Lifti hiyo huendeshwa polepole makusudi, mtoto apate muda wa kukaa na kushuka.

Kiwanja kilianza mwaka 1956, pale wakazi wapenda ski walipofunga mitambo ya kuvuta watu kupanda Sterling. Miaka ya 1960 akaja Thomas Watson mdogo, mkuu wa IBM, kampuni ya kompyuta iliyokuwa na kiwanda Essex, njiani tulikopita. Chini ya Morse kukapangwa kijiji: mgeni akishaegesha gari, nyumba, duka, darasa na lifti vyote anavifikia kwa miguu. Ukiwa na watoto wadogo ndipo unauona uzito wa wazo hilo. Mwaka 1996 Bill Stritzler, aliyekuwa akikiongoza tayari, akakinunua, na mkazo wa familia ukazidi. Kuna kituo cha kulelea watoto kinachopokea hata wachanga wa wiki sita, kuna ukumbi wa michezo wa ndani kwa siku za baridi kali, bwawa la maji moto, na kilima cha kuteleza kwa maboya. Lifti za kwenda juu ni za kizamani, viti vya watu wawili wawili na mwendo wa taratibu. Wapo wanaolalamika. Mimi naona mzazi na mtoto wakipata dakika kadhaa za kuzungumza wakiwa angani, hawajapoteza kitu.

Watoto wakiwa darasani, sisi wawili tukatembea barabara namba 108 kuelekea kwenye upenyo wenyewe kati ya milima, ndio "Notch" ya kwenye jina. Wakati wa baridi sehemu ile hufungwa, magari hayapiti. Mji wa Stowe uko ng'ambo tu, lakini kwa gari unazunguka mbali. Maporomoko ya miamba yanasimama kila upande, na mawe makubwa kama nyumba yameangukia kando ya njia.

Jina la mahali hapa ni la magendo: Smugglers ni wafanya magendo. Mwaka 1807 serikali ya Marekani ilipiga marufuku biashara na nchi za nje, na soko la watu wa Vermont lilikuwa Montreal. Wakulima wakaswaga ng'ombe kupitia hapa kwenda Kanada. Baadaye walipita watu waliotoroka utumwa, nao wakielekea kaskazini. Kuanzia mwaka 1920, pombe ilipoharamishwa, ikashushwa kutoka Kanada kwa njia hiyohiyo.

Nilikuwa nikimsimulia haya tukitembea; nilipofika kwa watumwa, jirani yangu alisimama.

"Walipita na watoto?"

"Wengine, lazima."

"Usiku?"

"Nadhani usiku."

"Sisi tulivuka ziwa usiku. Mama alituziba midomo kwa kitenge tusilie." Akaangalia juu kwenye mwamba. "Hawa walikuwa na baridi pia."

Tulirudi darasa likiwa linamalizika. Mwanawe wa kiume alishuka Morse peke yake, magoti yamekunjwa, ski zimekaa pitsa barabara, akasimama mbele yetu bila kuanguka. Mama yake alipiga kigelegele mpaka watu wakageuka, wakaanza kupiga makofi. Kisha akaenda dirishani, akauliza darasa la watu wazima ni shilingi ngapi, akajirekebisha: dola ngapi. Amejiandikisha Jumamosi ijayo.