Visanduku viwili katikati ya eŋŋoma

Wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi za jengo moja katika Barabara ya Nasser, hapa Kampala, kwenda kuchukua nakala ya majaribio ya kijitabu cha kusomea watoto ambacho nimekiandaa kwa Kiswahili na Luganda, lugha mbili ubavu kwa ubavu. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba tangu asubuhi mashine huwa zinanguruma, na kutoka kila mlango hutoka kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti na mabango ya wagombea. Kijana aliyekuwa akinihudumia alinikabidhi kurasa zikiwa bado na joto, nami nikafungua ukurasa wenye mchoro wa ngoma. Upande wa Kiswahili ulisomeka vizuri. Upande wa Luganda, mahali palipopaswa kuwa na kichwa EŊŊOMA, palikuwa na E, kisha visanduku viwili vitupu, kisha OMA.

“Mwalimu, kompyuta imekataa hiyo herufi,” aliniambia kwa upole. “Tuweke N na G, tuendelee?”

Nilimwomba asubiri. Kilichotokea kinaelezeka kwa urahisi: faili langu lilifunguliwa kwenye kompyuta isiyokuwa na fonti niliyoitumia nyumbani, programu ikachukua nyingine badala yake, na hiyo nyingine haikuwa na mchoro wa ŋ, herufi ya Luganda inayotamkwa kama ng’ ya ng’ombe. Fonti ni mkusanyiko wa michoro ambayo mtu fulani aliketi akaichora, na pale ambapo hakuchora kitu, msomaji huonyeshwa kisanduku. Nimekuwa nikipenda maumbo ya herufi kwa miaka mingi, na siku ile nilitamani wenzangu wanaoandika, wanaofundisha na wanaochapisha waone jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa, kwamba kila familia ya herufi ilizaliwa na haja fulani, mahali fulani, kwa chombo fulani, na kwamba alama za kuzaliwa kwake hazijafutika hata leo tunapoichagua kwenye orodha ya kompyuta bila kuitazama mara mbili.

Chukua vile viguu vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za herufi za magazeti na vitabu. Mfano wake unaosifiwa zaidi umechongwa kwenye jiwe lililo chini ya Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba viguu hivyo vilitokana na patasi ya mchongaji, mpaka padri Mmarekani Edward Catich, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa kuandika mabango, alipotoa hoja mwaka 1968 kwamba herufi zile ziliandikwa kwanza juu ya jiwe kwa brashi bapa, na kwamba ni mkono unaoigeuza brashi mwanzoni na mwishoni mwa mstari ndio unaoacha kiguu. Patasi ilifuata tu njia ya rangi. Nikiwatazama mafundi wetu wanaopaka majina ya maduka ukutani, nikaona jinsi kifundo cha mkono kinavyozunguka brashi inapofika ukingoni, naiamini hoja hiyo. Mwaka 1989 Carol Twombly aliyachukua maandishi ya nguzo hiyo akayageuza kuwa fonti iitwayo Trajan, ambayo haina herufi ndogo za kawaida kwa sababu Warumi waliochonga jiwe lile hawakuwa nazo. Anayelazimisha aya nzima kwa herufi hizo anamchosha msomaji, kwa kuwa zilikusudiwa maneno machache yanayosomwa kwa kuinua kichwa.

Times New Roman, ambayo ofisi nyingi za Uganda huidai katika barua na ripoti, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwezi Oktoba 1932. Stanley Morison aliisimamia kazi hiyo na Victor Lardent akachora. Gazeti lina safu nyembamba, kwa hiyo herufi zilibanwa ili maneno mengi yaingie katika nafasi ndogo bila kupoteza uwazi. Kwa safu nyembamba ni kazi nzuri kabisa. Kwa ripoti yenye mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo sidhani kama inafaa, na macho yangu yanaponipotea njiani nakumbuka kwamba herufi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya ukurasa wa namna ile.

Lakini familia ninayoipenda kuisimulia kuliko zote ni Bell Centennial, iliyochorwa na Matthew Carter kwa ajili ya vitabu vya namba za simu vya kampuni ya AT&T ya Marekani, ikatoka mwaka 1978. Vitabu hivyo vilichapwa kwa herufi ndogo mno, kwenye karatasi duni, kwa mashine za kasi kubwa, na wino ulitambaa ukaziba pembe za herufi. Carter hakupigana na wino. Mahali ambapo mistari miwili inakutana alikata pengo, ili wino unaotambaa upate pa kuingia. Zikikuzwa kwenye kioo cha kompyuta, herufi hizo zinaonekana kama zimeng’atwa na panya; zikichapwa kwa udogo uliokusudiwa, mapengo hujaa na herufi hutoka kamili. Hapa kwetu, ambako vipeperushi vingi huchapwa kwenye karatasi ya bei ndogo na matundu ya e na a huzibwa na wino mpaka dozi ya dawa isomeke kwa kubahatisha, naona ufundi huo unatuhusu sana.

Herufi zisizo na viguu nazo zina nasaba yake. Mwaka 1916 Edward Johnston, mwalimu wa hati za kalamu, alichora herufi za reli za chini ya ardhi za London, akazipa herufi kubwa vipimo vya Kirumi na nukta ya i umbo la almasi, umbo lile lile linaloachwa na kalamu yenye ncha pana inapogusa karatasi. Eric Gill, aliyekuwa mwanafunzi wake, akajengea hapo Gill Sans ya mwaka 1928. Mwaka 1957 Adrian Frutiger alitoa Univers ikiwa na ndugu 21 waliopangwa pamoja tangu mwanzo, wembamba na wanene, waliosimama na walioinama, kila mmoja akitambulishwa kwa namba.

Ipo pia Neuland, ambayo Rudolf Koch aliikata Ujerumani mwaka 1923, akichonga chuma moja kwa moja bila kuchora kwanza, ndiyo maana ni nene na ina kingo kama za kitu kilichochanjwa kwa shoka. Haina uhusiano wowote na Afrika. Hata hivyo, kwa miaka mingi wachapishaji na watangazaji wa ng’ambo wameitumia, yenyewe na zinazofanana nayo, kila wanapotaka kusema “Afrika”, na leo tunaikuta kwenye magari ya watalii na vibao vya hoteli zetu wenyewe. Inaniuma kuona mchoraji wa Kampala akiichagua kwa kudhani kwamba ndiyo sura yetu. Kama tunatafuta herufi inayotuhusu, tunayo, na ndiyo ile iliyogeuka kisanduku.

Kiswahili huiandika sauti ya ŋ kwa ng’, yaani n na g pamoja na alama ya ritifaa. Luganda ilichukua herufi kamili. Tahajia sanifu ya mwaka 1947 inaitumia ŋ, na Mganda anaandika eŋŋoma, anaandika ŋŋenda akimaanisha kwamba anakwenda. Sentensi ikianza na neno hilo inahitajika herufi kubwa, na hapo linazuka suala ambalo wachoraji wengi wa fonti hawalijui: Ŋ ina maumbo mawili. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wameizoea ikiwa N yenye pembe, iliyoongezwa mkia. Sisi tumeizoea ikiwa n ya mviringo iliyokuzwa, yenye mkia. Kompyuta inayahesabu maumbo yote mawili kuwa herufi moja, kwa hiyo mchoraji ndiye anayeamua, na mtoto aliyefundishwa darasani umbo la mviringo anaweza kukutana kitabuni na kitu kinachofanana na N iliyoharibika.

Shirika la SIL, ambalo limefanya kazi kwa miaka mingi na lugha zisizo na vitabu vingi, limetengeneza familia zinazolijua jambo hili. Mojawapo inaitwa Charis, nayo imejengwa juu ya Charter, kazi nyingine ya Matthew Carter ya mwaka 1987, aliyoichora ikiwa na mistari michache na imara ili ivumilie mashine za kuchapa za ofisini za wakati ule, ambazo hazikuweza kuonyesha vitu vyembamba. Uimara ule ule unaifaa karatasi yetu. Nyingine inaitwa Andika, na jina hilo ni Kiswahili chetu hiki. Imechorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma: a yake ni ile ya duara moja ambayo mwalimu huiandika ubaoni, nayo l, I na 1 haziwezi kuchanganywa. Zote mbili hutolewa bure, leseni yake inaruhusu kuzitumia na kuzigawa, na ndani yake unaweza kuchagua umbo la Ŋ unalolitaka.

Nilirudi Barabara ya Nasser siku ya tatu nikiwa na fonti hizo kwenye flashi, Andika kwa maandishi ya watoto na Charis kwa maelezo ya wazazi. Kijana aliziweka kwenye mashine yake, akachagua Ŋ ya mviringo, akachapa ukurasa wa ngoma peke yake. Aliushika karibu na dirisha akausoma kwa sauti, eŋŋoma, kisha akaniomba nimwandikie neno lingine lenye herufi hiyo kwenye kipande cha karatasi, ili azijaribu na zile kompyuta mbili zilizobaki chumbani. Nilimwandikia Ŋŋenda.