Nilivyoipeleka shekeli kwenye mizani ya dhahabu

Kazi yangu ni kupima dhahabu iliyomo kwenye mawe. Niko Geita, kwenye maabara ndogo inayopokea sampuli za wachimbaji wadogo. Mwaka jana, kwenye kipindi cha Biblia, tulifika Kutoka 38, pale inapotajwa dhahabu yote iliyotumika kwenye kazi ya hema la ibada la Waisraeli: talanta 29 na shekeli 730, vipimo vya uzito vya zamani. Mzee mmoja wa kanisa akanigeukia. "Mwanangu, mpimaji wetu ni wewe. Hizo ni kilo ngapi?" Nikamwomba anipe wiki moja.

Nilianza na talanta, kwa sababu sura yenyewe inaifungua. Wanaume 603,550 walitoa kila mmoja beka, yaani nusu shekeli. Hiyo inafanya shekeli 301,775. Mstari uliotangulia unasema madini hayo ya fedha yalikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Toa zile 1,775, zinabaki 300,000 kwa talanta 100, kwa hiyo talanta moja ni shekeli 3,000. Nilifurahi sana kuona hesabu inafunga bila kuazima kitu nje ya maandishi. Gera, kipimo kidogo kuliko shekeli, nayo ni rahisi: 20 kwa shekeli moja. Basi dhahabu ya hema ilikuwa shekeli 87,730.

Iliyonitesa ni shekeli kuwa gramu. Kitabu nilichokuwa nacho kilisema shekeli ni karibu sehemu mbili za tano za wakia (aunsi). Mimi neno wakia nimelizoea kazini, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035. Nikazidisha, nikapata gramu 12.44, na hema likawa na dhahabu ya kilo 1,091. Niliandika jibu hilo kwenye daftari na nikalala nalo siku mbili.

Siku ya tatu nikasoma kuhusu mawe ya mizani ya Yuda ya kale, hasa ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni mawe ya chokaa yaliyochongwa duara kwa juu na bapa chini, ya shekeli 1, 2, 4, 8 na kuendelea. (Kiebrania huita kipimo cha mizani "jiwe", sawasawa na sisi dukani.) Wataalamu waliyapima, na shekeli yake inaangukia karibu gramu 11.33. Yangu ilizidi kwa zaidi ya gramu moja, na kwa mtu wa kazi yangu gramu moja ya dhahabu si kitu cha kufumbia macho. Ndipo nikaelewa kwamba kitabu kilimaanisha wakia ya kawaida, ile ya ratili (pauni), yenye gramu 28.35. Mbili ya tano yake ni 11.34. Wakia mbili zenye jina moja zilikuwa zimeniongezea karibu kilo 97 za dhahabu. Masonara wa zamani waliopima kwa tola, gramu 11.66, wangeikisia shekeli kwa mkono tu: ni tola iliyopungua kidogo.

Baada ya hapo nilitaka kuiweka shekeli kwenye lugha ya maabara. Sisi siku hizi tunachoma sampuli ya gramu 30 au 50 na kutoa jibu kwa gramu kwa tani, lakini aliyenifundisha kazi aliniachia kisanduku cha mawe ya zamani yanayoitwa tani ya maabara. Wageni hudhani ni mzigo, kumbe ni gramu 29.1667 tu. Tani ya Kimarekani, ratili 2,000, ina wakia za dhahabu 29,166.67, na jiwe hilo lina miligramu idadi ileile. Ukipima unga wa sampuli uzito huo, ukauyeyusha na madini ya risasi, ukaichoma risasi kwenye kikombe cha majivu ya mifupa mpaka ibaki punje, ukaondoa madini ya fedha kwa asidi, kila miligramu ya dhahabu iliyobaki ni wakia moja kwa tani. Tani ya Kiingereza ni ya ratili 2,240, kwa hiyo jiwe lake ni gramu 32.6667, na ukiyachanganya mawe hayo mawili umemdhulumu mwenye sampuli.

Kugawanya 29.1667 kwa 11.33 kunatoa shekeli 2.57, au gera 51 na nusu. Ni sahihi, lakini haifundishi kitu. Nilichokipenda ni kuichukua ile mbinu yenyewe. Talanta ni shekeli 3,000, kwa hiyo pima miligramu 3,000, yaani gramu 3 za sampuli, na kila miligramu ya punje itakuwa shekeli moja kwa talanta! Hapo huhitaji hata kujua shekeli ilikuwa na gramu ngapi, maana uwiano haubadiliki. Shekeli moja kwa talanta ni gramu 333 kwa tani, mawe tajiri ambayo mchimbaji wa hapa akiyapata halali usingizi.

Jumapili nikamjibu mzee: dhahabu ya hema ilikaribia tani moja, kilo 990 hivi. Nilikataa kuongeza desimali, kwa sababu mawe ya kale yenyewe hayalingani sawasawa.

Akauliza na kabari ya dhahabu ya Akani, yule wa kitabu cha Yoshua aliyeiba nyara za Yeriko, ile ya shekeli 50. Hiyo nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilikuwa na mfuko wa vipande vya risasi nilioupima gramu 567, nikampa aushike, nikamwambia kwamba dhahabu ya uzito huo ingekuwa ndogo zaidi, karibu ukubwa wa kiberiti. Akaupokea kwa mkono mmoja, akaushusha na kuupandisha mara mbili tatu, kisha akampa aliyekaa naye.

"Kumbe," akasema, "kitu kidogo hivi ndicho alichokifukia ardhini hemani mwake."