Nilivyosahihisha fomu ya upekuzi

Mwaka 2013, nikiwa na miaka 19, nilimpiga ngumi kijana mwenzangu baada ya mpira huko Wete. Jino likamtoka. Kesi ilifika mahakamani, nikakiri, na baba akauza ng'ombe kunilipia faini. Nikadhani yamekwisha.

Miaka minane baadaye niliomba kazi ya ulinzi Unguja, sehemu ambazo haingii kila mtu. Fomu ikauliza: umewahi kutiwa hatiani? Nikaandika "Hapana", nikaipeleka. Usiku ule sikulala.

Nikampigia mtoto wa ami yangu aliyeko Virginia. Yeye ni raia wa Marekani na kazi yake inataka kibali cha kuona siri za serikali. Akaniambia kwao mtu hupimwa kwa vigezo 13, na tangu Juni 2017 ni hivyo hivyo kwa idara zote za serikali kuu. Kigezo J ni makosa ya jinai. Hata tuhuma ya kuaminika isiyofika mahakamani huangaliwa. Lakini hutazamwa pia ulikuwa na umri gani, muda gani umepita, na umeishi vipi tangu hapo. Kigezo E ni mwenendo wa mtu, na hapo ndipo uongo wa kwenye fomu unapomponza mtu. Aliyeficha akarudi mwenyewe kusahihisha kabla hajabanwa, huhesabiwa kheri.

"Ngumi yako ishazeeka," akasema. "Hiyo Hapana ndiyo mbichi."

Sheria zao si zetu, lakini neno lile lilinikaa. Asubuhi nikapanda boti kurudi Pemba. Stakabadhi ya faini mama alikuwa ameihifadhi sandukuni, pamoja na kadi zetu za kliniki, imekunjwa mara nne, wino umefifia ila muhuri unasomeka. Mahakamani nikaomba nakala ya hukumu. Sheha akaniandikia barua. Nikaambatisha vyote na maelezo yangu, ukurasa mmoja, nikavikabidhi kwa mkono.

Kwenye usaili afande aliuliza, "Kwa nini uliandika hapana?"

"Niliogopa kukosa kazi, afande."

Akaandika, kisha akauliza habari za yule kijana. Nikamwambia ni mvuvi, nilishakwenda kwao kumwomba radhi mbele ya mamake. Akataka nambari yake, akampigia pale pale. Mikono ilinitoka jasho mpaka simu ilipokatwa.

Miezi miwili baadaye niliitwa kazini. Nilimpigia baba. Alikuwa zizini.