Dawa ipi, mafuta yapi: kutunza bastola isishike kutu wala kukwama

Kabla hujanunua chupa yoyote, tazama uchafu wenyewe. Mtutu wa bastola iliyotoka kupigwa unaweza kuwa na masizi ya baruti, shaba iliyobanduka kwenye koti (ganda la shaba) la kichwa cha risasi, na madini ya risasi (ledi) ikiwa vichwa ulivyopiga havikuwa na koti. Dawa inayong'oa kimoja inaweza isikiguse kingine kabisa. Ndiyo maana watu husugua kwa saa nzima kwa dawa ya bei kubwa na mtutu ukabaki vilevile.

Usalama kwanza. Toa magazini (kibebeo cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), tazama chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Kwenye Glock ni lazima ubonyeze kifyatuo ndipo slaidi ivuliwe, kwa hiyo chemba hiyo ikague mara mbili, na mdomo uelekee mahali salama. Vaa glavu za nitraili, fungua madirisha, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Masizi ni mengi lakini hayana ubishi. Hoppe's No. 9, dawa iliyopo sokoni tangu 1903, huyalainisha vizuri. Lowesha mtutu, subiri dakika kumi, pitisha brashi ya bronzi mara kadhaa kutoka chemba kwenda mdomoni, kisha futa kwa vipande vya pamba mpaka kimoja kitoke safi. Usigeuze brashi ikiwa katikati ya mtutu. Nyuzi zake hupinda na kuharibika.

Shaba inataka dawa yenye amonia. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, shaba bado ipo, ila kumbuka kwamba ncha ya shaba kwenye fimbo ya kusafishia nayo hutoa rangi hiyohiyo na kukudanganya. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usilaze dawa hiyo mtutuni usiku kucha. Bastola iliyopakwa nikeli usiipake amonia: hupenya kwenye mikwaruzo, ikala tabaka la shaba lililo chini, na nikeli ikabanduka.

Madini ya risasi hayajali amonia. Hapo ni kusugua tu, na njia nzuri ni kuzungushia brashi iliyochakaa nyuzi za shaba tupu za kusugulia sufuria. Zijaribu kwa sumaku kwanza. Zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba na zitakwaruza mtutu.

Kuna uchafu wa nne usioonekana. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, hasa za bastola ya Tokarev, zina praima (viwashio vya kitakoni) zinazoacha chumvi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu hewani hadi mtutu ukashika kutu kwa siku moja au mbili. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto ndiyo huiyeyusha. Suuza, kausha kabisa, kisha paka mafuta. Mafuta ya Ballistol yanasaidia hapa kwa sababu huchanganyika na maji: sehemu moja kwa kumi za maji inatosha.

Sasa mafuta. CLP, aina inayosafisha, kulainisha na kukinga kwa pamoja, ndiyo chaguo la busara kwa anayetaka chupa moja tu. Mafuta ya cherehani ni safi na hulainisha, ila ni mepesi mno, hutiririka upesi na kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo. Oili ya injini ya sintetiki inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta ya kupikia yaache jikoni: hugeuka ulimbo, na ya nazi huganda hata kwenye baridi ya kawaida ya Nairobi. WD-40 hufukuza maji, basi; usiitegemee kama kilainishi cha kudumu.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Glock inahitaji matone machache tu: tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi, utando mwembamba nje ya mtutu, na tone moja pale mkono wa kifyatuo unapokutana na kiunganishi, nyuma upande wa kulia. Bastola ya chuma kitupu kama CZ 75 ina reli ndefu, na inavumilia grisi nyepesi kidogo. Njia ya pini ya kugonga, ile inayopiga praima, iache kavu. Mafuta yakiingia humo hushika masizi, pini ikapoteza nguvu, na praima ikapigwa bila kuwaka. Magazini nayo ifutwe kwa ndani ikae kavu, kwa sababu mafuta huvuta vumbi na yale mepesi hupenya hadi kwenye praima.

Mombasa, Tanga au Unguja, adui mkubwa ni hewa ya chumvi na jasho la mwilini kuliko masizi. Bastola inayobebwa kiunoni futa nje kwa kitambaa chenye CLP kila jioni, ukikazia vituo vya kulengea, skrubu na kingo za slaidi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Ndani ya sefu weka pakiti za kunyonya unyevu, uzibadilishe au uzikaushe zinapojaa.